Poni au Punda? Ulinganisho kwa Anayetaka Kufuga Unguja au Pemba

Kila zinapomalizika sikukuu, watoto wakiwa bado wanamzungumza mnyama waliyepandishwa katika viwanja vya Idi, hunijia mzazi mmoja au wawili na suali lile lile: je, anunue farasi mdogo, ambaye siku hizi sote tunamwita poni, au atosheke na punda? Huwaomba kwanza wasimfikirie mnyama huyo kama walivyomwona siku ile, amepambwa na kusimama penye ardhi kavu, bali wamfikirie katikati ya masika, mvua ikiwa imeshika siku ya tano, banda linavuja, majani yote yamelowa na usubi umeanza kuruka kabla ya maghribi. Wanyama hawa wawili hufanana sana wakati wa kiangazi. Masika ndiyo huwatenganisha, na kwa maoni yangu anayechagua bila ya kuyahesabu masika hajachagua bado.

Nasema haya kwa kuwa nimefuga punda kwa miaka 12 upande wa Bumbwisudi, na kwa miaka 4 kati ya hiyo nilitunza pia poni wawili wa jamaa yangu, waliokuwa wakipandisha wageni katika pwani ya kaskazini na kurudi kwangu msimu wa wageni unapokwisha.

Poni si mtoto wa farasi, ingawa nimewahi kumwona mtu akimnunua kwa kutaraji kwamba atakua. Ni farasi kamili ambaye kimo chake, kikipimwa kutoka ardhini hadi juu ya mabega, hakizidi sentimita 148, na mara nyingi huwa na uzito wa kilo 250 hadi 350. Punda naye si farasi duni. Ni mnyama wa jinsi nyingine, mwenye mwili uliozoea nchi kavu na malisho haba, na punda wetu wa kawaida ni mdogo zaidi, mwenye kilo zipatazo 150 au 180. Tofauti hiyo ya asili ndiyo inayozaa karibu kila jambo nitakalolieleza hapa chini.

Wadudu na maradhi

Zama za masultani, punda weupe wa Maskati, wakubwa na wenye mwendo laini wa telki, walikuwa kipando cha watu wenye uwezo hapa Unguja, na hakuna aliyeona haya kuonekana juu yao. Farasi wa Kiarabu nao waliletwa kwa ajili ya majumba ya kifalme, lakini kisiwa wakati huo kilikuwa na mbung'o, na nagana anayoieneza mdudu huyo ni maradhi yanayomdhoofisha farasi hadi kumuua. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa Unguja mwaka 1996, baada ya kampeni ya kuachia kutoka angani madume yaliyofanywa tasa kwa mionzi. Kwa hivyo poni anayeletwa leo anashukia katika kisiwa salama zaidi kuliko kile walichokikuta farasi wa zamani.

Hatari iliyobaki ni ndogo kwa umbo na kubwa kwa madhara, nayo ni usubi. Wadudu hawa hueneza kirusi cha maradhi ya farasi ya Kiafrika, ambayo humpa mnyama homa kali, humvimbisha sehemu za juu ya macho, humjaza maji mapafuni na kumtoa povu puani, na huweza kummaliza katika siku chache. Farasi na poni wasiokuwa na kinga hufa kwa wingi, mara nyengine tisa katika kila kumi walioambukizwa. Punda akipatwa na kirusi hicho hicho aghalabu hupona, na wengi hawaonyeshi hata dalili. Sijui tofauti nyengine baina ya wanyama hawa wawili iliyo nzito kuliko hii kwa mfugaji wa nchi yenye joto na unyevu kama yetu.

Anayetaka poni, basi, anajifunga na mambo matatu yasiyo na mjadala: chanjo ya kila mwaka, itolewe kabla ya mvua na ihifadhiwe katika baridi njia nzima mpaka inapofika, banda ambalo mnyama anaingizwa kabla ya jua kuchwa na kutolewa likishachomoza, kwa kuwa usubi hupendelea kuuma katika saa za giza na za machweo, na wavu wenye matundu madogo sana madirishani. Moshi wa makumbi, ambao wengi wetu tumerithi kuutumia katika mabanda ya ng'ombe, husaidia kidogo, lakini usizidishwe, kwani mapafu ya farasi ni mepesi kudhurika. Mfugaji wa punda anaweza kuishi bila ya mambo hayo yote, ingawa punda wake atamshukuru kwa banda.

Kwa pepopunda hakuna cha kulinganisha: wote wawili hushikwa kwa urahisi kutokana na jeraha dogo la msumari, wote wachanjwe. Lugha yetu ilimtwika punda hata jina la maradhi hayo, na farasi akasalimika.

Jambo ambalo mfugaji mgeni huliona dogo ni kwamba dawa na vyakula tulivyonavyo madukani vimetengenezwa kwa ajili ya ng'ombe na kuku. Dawa ya kupe yenye amitrazi, ambayo ng'ombe huogeshwa bila ya shida, huweza kuusimamisha utumbo wa farasi, na chakula cha kuku au cha ng'ombe kilichotiwa dawa ya monensini ni sumu kwake na kwa punda pia. Daktari wa mifugo wa wilaya yako huenda amewatibu maelfu ya ng'ombe na mbuzi bila ya kumgusa poni hata mmoja. Mwulize mapema, kabla ya kununua, na kama hajazoea, mpe nafasi awasiliane na wenziwe wa Bara wanaowatibu farasi, ili usimkute anajifunzia juu ya mnyama wako usiku wa manane.

Kwato na ardhi zetu

Hapa mizani hugeuka, na wapenzi wa punda hawapendi kulisikia hili. Ukwato wa punda umesimama wima zaidi na hunyonya unyevu zaidi kuliko ukwato wa poni. Uliumbwa kwa nchi ya mawe makavu. Manyoya yake nayo hayana mafuta ya kuteleza maji kama ya farasi, hivyo akinyeshewa hulowa mpaka kwenye ngozi na huchelewa kukauka. Punda aliyefungwa mnazini siku nzima ya masika, kama tunavyowaona wengi wamefungwa, anateseka kuliko poni ambaye angefungwa hapo hapo.

Kwa sababu hiyo, suali la ni mnyama gani ufuge ni suali la ardhi gani unayo. Mabonde ya magharibi ya Unguja na sehemu kubwa ya Pemba, ambako mvua ni nyingi na udongo wa kinamo hushika maji kwa wiki nzima, ni mahali pabaya kwa kwato za punda. Hulainika, huoza kwa ndani na kutoa harufu, na mnyama huanza kuchechemea mwezi mmoja baada ya ubovu kuingia. Kwenye udongo wa kinongo na wa kichanga hali ni nafuu, maji hushuka haraka. Katika maweni ya mashariki, kuanzia Chwaka kuelekea Makunduchi, punda yuko kwao kabisa: mawe humsugua kwato zikabaki fupi zenyewe, wakati poni asiyepigwa viatu hupata michubuko ya nyayo na huanza kuogopa kukanyaga.

Kwato za wote wawili hukua daima na lazima zikatwe kila baada ya wiki 6 hadi 8, au hadi 10 kwa punda anayetembea sana juu ya mawe. Mafundi wa kazi hii hapa kwetu ni wachache mno. Mimi nililazimika kujifunza mwenyewe, kwa kisu kilichopinda na tupa, na nimekuja kuamini kwamba asiyekuwa tayari kuinua ukwato wa mnyama wake kila siku na kuuchokoa uchafu asifuge yeyote kati ya hawa wawili.

Suluhisho la banda si la gharama kubwa. Inatosha sakafu iliyoinuliwa kwa kifusi na kokoto, yenye mteremko mdogo, pamoja na paa la makuti yaliyopandana vizuri au la mabati, ili mnyama apate walau mahali pamoja pakavu pa kusimama. Kwa punda wa ardhi ya kinamo banda hilo ni la lazima kama wavu ulivyo wa lazima kwa poni.

Tumbo, majani na maji

Farasi na punda wana tumbo dogo lisilocheua, na hawawezi kutapika. Wameumbwa kula kidogo kidogo karibu mchana kutwa na sehemu ya usiku, na anayewalisha mara moja kwa siku kama anavyomlisha mbwa anautafuta msokoto wa tumbo. Hesabu ya majani ni nyepesi: poni wa kilo 300 huhitaji chakula kikavu kiasi cha asilimia 2 ya uzito wake, yaani kilo 6 kwa siku, ambazo zikiwa majani mabichi, yaliyojaa maji, hufika kilo 25 au 30. Punda wa kilo 160 hutosheka na asilimia 1.5, kama kilo 2.4 za vikavu, sawa na kilo 10 au 12 za majani mabichi. Mmoja anahitaji mzigo mzima wa baiskeli kila siku na mwengine hushiba kabla ya kuimaliza hata nusu yake.

Kinyume na wanavyodhani wengi, hatari kubwa zaidi ni kushiba. Poni aliyeachiwa katika ukoka uliochipua baada ya mvua hunenepa haraka, shingo ikawa nene na ngumu, kisha huvimba ndani ya kwato hata akashindwa kutembea. Punda hupatwa na hilo pia. Pumba na mashudu ya nazi, ambavyo kwetu ndiyo zawadi ya kila mnyama, vipimwe kwa konzi. Mabaki ya wali wa harusi yasitolewe kabisa, na msimu wa maembe ufagie chini ya mwembe, kwani kokwa huweza kukwama kooni.

Maji ni suala jingine. Poni katika joto la kaskazi hunywa lita 20 hadi 40 kwa siku, na anayefanya kazi hutoka jasho jingi la chumvi, hivyo jiwe la chumvi lisikosekane bandani. Punda huridhika na lita 10 au 15 na huvumilia kiu, lakini uvumilivu huo haumaanishi kwamba hana haja. Punda huficha maumivu. Akisimama kimya na kuacha kula kwa siku moja tu, mafuta ya mwili huanza kumiminika katika damu yake na maini huathirika, kwa hivyo mwite daktari siku hiyo hiyo.

Kupanda na kuvuta gari

Mnyama asibebe mgongoni zaidi ya moja ya tano ya uzito wake. Poni wa kilo 300, kwa hesabu hiyo, anabeba kilo 60, mtu na tandiko kwa pamoja. Punda wetu asizidishiwe kilo 36 hata akiwa na mwili mzuri, na aliye mdogo abebe pungufu ya hapo. Hivyo kwa mtoto wa skuli wote wawili wanafaa, na kwa mtu mzima wa makamo hafai hata mmoja wao, isipokuwa poni mkubwa. Jamaa yangu alikuwa na mizani ya bafuni chini ya mvinje, na mgeni aliyezidi aliambiwa kwa upole atembee kando huku akishika hatamu. Wengine walichukia.

Tandiko la poni hukaa vizuri kwa sababu ya mwinuko wa mabega yake. Mgongo wa punda umenyooka, tandiko huteleza mbele anapoteremka, na lazima kuwe na mkanda unaopita chini ya mkia. Shogi za ukili, yaani mikoba ya mizigo ya punda, zilizoshonwa na wazee wetu zilizingatia jambo hili vizuri kuliko matandiko mengi ya kisasa. Kwa mwendo, poni ana mwendo wa matiti, yaani wa mchapuko, na wa shoti, yaani wa mbio, wa kumfurahisha mpandaji. Punda ana telki yake, ambayo ni nzuri kwa safari na humchosha kijana anayetaka mbio.

Kwa gari, punda anashinda bila ya upinzani, ila afungwe ipasavyo. Kwa kuwa sisi ni watu wa gari la ng'ombe, wengi huchukua nira na kumtia punda shingoni, kisha wakashangaa vidonda. Mzee mmoja aliyekuwa akivuta mchanga na mawe maisha yake yote aliniona nikifanya hivyo na kuniambia, "Mwanangu, nira ni ya mwenye nundu." Ng'ombe husukuma kwa nundu, punda husukuma kwa kifua, na anachohitaji ni mkanda laini wenye upana wa vidole vinne unaopita kifuani, uliotandikwa blanketi au gunia la katani na si la plastiki.

Wanaofikiria kupandisha wageni pwani wazingatie kwamba mchanga mkavu wa juu huvuta kano za miguu na kuzivimbisha. Mnyama apitishwe kwenye mchanga mgumu uliolowa, maji yakiwa yametoka. Ratiba ya kazi basi hufuata bamvua na maji mafu, haifuati saa ya hoteli. Na katika pwani za Paje na Jambiani, ambako maji yakitoka akina mama huwa kwenye mashamba ya mwani, mnyama asiingizwe kabisa baina ya mambo, yaani vigingi vinavyofungiwa mwani.

Kuwafundisha

Poni akishtuka hukimbia, kisha akafikiri. Punda akishtuka husimama, kisha akafikiri, na kule kusimama tumekuita ukaidi. Nimeyaona yote mawili katika barabara moja. Siku moja bodaboda ilipasua moshi karibu na poni niliyekuwa nikimwongoza, naye akaondoka kwa nguvu zake zote, na kwa vile nilikuwa nimeizungusha kamba kiganjani, kosa ambalo ni langu peke yangu, nilirudi nyumbani bila ya ngozi ya vidole vitatu. Punda wangu wa kwanza, naye, aligoma kuvuka mfereji mdogo wa maji ya mvua. Nilimvuta, nikamsukuma, nikachoka. Mwisho nilikaa ng'ambo ya mfereji, nikamenya chungwa na kumwacha autazame. Alivuka baada ya nusu saa. Siku ya pili alisimama kama dakika kumi, na siku ya tatu hakusimama.

Poni hujifunza upesi, na hili lina ubaya wake kwa sababu hujifunza pia usilolikusudia. Mmoja wa wale wawili alikuwa amezoea kwamba wageni hugeuzwa kwenye mvinje fulani. Ukimpanda kuupita mvinje ule alihesabu kwamba umevunja mkataba, na ilituchukua miezi miwili kumtoa katika hesabu hiyo kwa kubadilisha njia kila siku. Punda huchelewa kukubali, lakini akishakubali jambo huwa ni lake, na punda wa gari aliyezoea njia humfikisha nyumbani mwenyewe aliyesinzia. Fimbo humharibu mmoja na mwengine kwa namna tofauti: poni hugeuka mwoga wa mkono wako, na punda hugeuka jiwe. Wale wanaosema shukrani ya punda ni mateke waulizwe kwanza punda alipewa nini cha kushukuru.

Kwa wote wawili mafunzo yaanze na kuongozwa kwa kamba, kuguswa mwili mzima na kuinuliwa miguu, kwa dakika 15 au 20 za asubuhi, kabla ya jua kuwa kali. Asipandwe wala asifungwe gari mnyama asiyetimiza miaka 3, na bora kungoja ule wa 4, kwa kuwa mifupa yake haijakomaa. Kwa mtoto anayejifunza kupanda, mimi humwanzishia juu ya punda, kwa sababu akianguka anaanguka kutoka karibu na mnyama hukaa pale pale akimtazama. Mtoto mwenye kiu ya kupanda hasa, hata hivyo, atamaliza anachoweza kufundishwa na punda katika mwaka mmoja, na hapo poni ana hoja ambayo siwezi kumnyima.

Nani amchukue nani

Mwenye shamba la kinongo au makaazi ya maweni, anayetaka kuni, maji na nazi zake zifike na watoto wapande siku za mapumziko, amchukue punda. Hata tuseme wawili, kwani punda wa peke yake hulia mchana na usiku na majirani watakuja kulalamika, na jambo hilo la upweke ni lile lile kwa poni. Mwenye biashara ya pwani au mtoto aliyekusudia kuwa mpandaji, mwenye uwezo wa kuipata chanjo kila mwaka, kujenga banda la wavu na kulipa majani ya kila siku, amchukue poni. Anayeishi katika bonde la kinamo na hana nafasi ya kuinua sakafu ningemshauri afuge mbuzi.

Wapo wanaotaka kuwachanganya. Inawezekana, ila punda huweza kubeba minyoo ya mapafu bila ya kuugua na kumwambukiza poni, naye akakohoa kwa miezi, hivyo wote wapewe dawa ya minyoo kwa ushauri wa daktari kabla ya kuwekwa pamoja. Na dume la punda likiachwa na jike la poni, baada ya takriban miezi 11 utapata baghala, mnyama mwenye nguvu asiyezaa, ambaye pengine hukumpangia kazi.

Kumbuka pia umri: poni aliyetunzwa hupita miaka 25 na punda hupita 30, kwa hivyo mtoto unayemnunulia leo atakuwa ameoa au ameolewa mnyama bado yumo uani.

Wakati wa kununua, usianze na meno, ingawa kila muuzaji atakufunulia mdomo. Mwombe auinue kila mguu mmoja baada ya mwengine mbele yako, nusa chini ya ukwato, kisha mwongoze mnyama mwenyewe kwa hatua 100 juu ya ardhi ngumu na usikilize kama vishindo vinne vinalingana. Akitoka Bara, kibali cha idara ya mifugo na cheti cha daktari vishughulikiwe kabla ya kulipa, wala si baada ya mnyama kufika bandarini. Mimi hununua mwezi wa Juni, masika yakishapita na kipupwe kimeingia: kwato zilizooza haziwezi kufichwa wakati huo, na nabaki na miezi ya kutosha ya kujenga banda na kumzoesha mnyama kabla ya vuli.